Bendi Inayomngoja Baharia Wake

Vidole ndivyo vilivyonijulisha kwa Kuya. Tulikuwa chumba cha injini cha meli ya shehena, mimi mtoto wa Mombasa, yeye Mfilipino wa kisiwa cha Negros, na kila tulipokaa kuangalia geji alikuwa anagonga kitu. Mara bomba, mara meza, mara goti lake mwenyewe, tena kwa kasi ambayo sikuwahi kumwona nayo mtu. Siku moja akanivisha vipokea sauti vyake, akasema, "Dong, hawa ni sisi." Ilikuwa deth metali, roki nzito ya kunguruma: nikasikia gita mbili zikikoroma kama jenereta, mtu ananguruma kutoka tumboni, na chini yao ngoma zinamwagika kama mvua ya mawe juu ya bati. Nilisikiliza mpaka mwisho, kisha nikamwomba anirudishie mwanzo.

Ufilipino ni miongoni mwa nchi zinazotoa mabaharia wengi zaidi duniani, na ukifanya kazi melini utazoea lugha zao na adabu zao. Kuya ni kaka mkubwa. Dong ndivyo Wabisaya, watu wa visiwa vya katikati ya nchi hiyo, wanavyomwita kijana au mdogo wao. Kwa miezi minane tuliitana hivyo. Mkataba wetu ulipoisha akaniambia bendi ipo, ila haijapiga tangu alipoondoka, maana mpiga ngoma ni yeye. Alikuwa na likizo ya wiki chache. Nikienda, nitawasikia.

Nilienda Januari 2023. Kutoka Manila nikaruka hadi Cebu, na alfajiri nikapanda basi la kusini, barabara ikifuata bahari upande wa kushoto karibu safari yote. Carcar wachuuzi waliingia na mifuko ya ngozi ya nguruwe iliyokaangwa; mimi nikanunua ampao, bisi za mchele zilizogandishwa kwa sukari. Baada ya saa nne na kitu tukafika Liloan, ncha ya kisiwa, ambapo boti huvuka kwenda Sibulan, upande wa Negros, kwa muda wa nusu saa hivi. Upepo ulikuwa mkali. Wao huuita amihan, unavuma kutoka kaskazini mashariki miezi hiyo, na nikatambua kwamba ni kaskazi yetu kwa jina lingine. Upepo wao wa pili, habagat, unakuja msimu uleule wa kusi. Mzee mmoja wa botini nilimwuliza kwa ishara kama bahari itachafuka zaidi, akanipima kwa macho, akacheka, akanipa biskuti.

Kuya alikuwa akinisubiri Sibulan na pedicab, ile pikipiki iliyojengewa kibanda cha abiria. Mji wao, Dumaguete, ni wa watu zaidi ya 134,000 tu kwa sensa ya 2020, wenye Chuo Kikuu cha Silliman kilichoanzishwa na wamisionari wa Kimarekani mwaka 1901, na vijana wanamiminika kutoka visiwa vyote vya jirani kuja kusoma. Ndiyo maana mji mdogo hivi una bendi nyingi hivi. Wenyeji wanajivunia kuitwa Mji wa Watu Wapole. Lakini jina Dumaguete linasemwa limetokana na dagit, kunyakua, kwa sababu zamani maharamia walikuwa wakiteka watu pwani hii. Mnara wa kengele uliobaki kando ya kanisa kuu ulikuwa wa kuwatahadharisha watu hao hao wapole.

Jioni tukakaa Rizal Boulevard, ukingoni mwa bahari, tukila tempura za samaki zilizokaangwa mbele yetu na kuchovywa kwenye mchuzi mtamu wenye pilipili. Ng'ambo ilionekana Siquijor. Kuya akaninong'oneza kwamba kisiwa hicho kina sifa ya wachawi, kwamba watu wa Manila wanaogopa kulala huko, na kwamba wanaoenda wanarudi na dawa za mapenzi. Nikamwambia kwetu kuna Pemba. Ilinichukua saa nzima kumweleza, na kila nilipomaliza kisa alikuwa na cha kwao kinachofanana nacho. Bendi yake ina wimbo kuhusu Siquijor, kwa Kibisaya. Ameniambia walianza kwa Kiingereza kama wengi, wakaona maneno hayawaumi. Roki ya Kibisaya ilikuwa imeshavuma kutoka Cebu mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu wakaiita Bisrock, na kumbe hata mngurumo wa deth metali unapata meno zaidi kwa lugha ya mama.

Sitawataja majina wala jina la bendi. Wana kazi zao na waliniomba. Mwimbaji anafundisha shule ya msingi. Mpiga besi anapokea simu za wateja wa Marekani usiku kucha, kwa hiyo mazoezi ni mchana. Wapiga gita ni ndugu wawili, baba yao alikata miwa mashamba ya upande wa Bais. Negros ni kisiwa cha sukari, na nyimbo zao mbili zinahusu miwa, si mashetani. Mimi nilidhani muziki huu ni wa mashetani tu. Nilikosea, na nafurahi nilikosea.

Chumba cha mazoezi kiko nyuma ya nyumba, karibu na mto Banica. Kuta zimebandikwa trei za mayai mpaka darini. Lakini usawa wa kifua changu trei zinabadilika rangi, juu kijivu, chini kahawia, na mstari ulionyooka kati yake. Huo ni mstari wa maji. Kimbunga walichokiita Odette kilipita Desemba 2021, mto ukapanda, na chumba kikajaa matope. Walikuwa wameokoa gita kwa kuzibeba kichwani. Amplifaya ya besi ilizama. Wakaifungua, wakaiosha kwa maji safi, wakaianika kwa wiki kadhaa, na fundi redio wa sokoni akabadilisha alichobadilisha. Inafanya kazi mpaka leo, ila ukiiwasha inakohoa kwanza. Trei za chini hazikubadilishwa. Niliuliza kwa nini, mwalimu akaniambia bado zinazuia sauti.

Penye mlango kuna ubao wa plaiwudi uliochorwa safu mbili kwa kalamu nene. Kushoto SAKAY, kulia NAOG. Kupanda, kushuka. Chini yake tarehe, mstari kwa mstari: siku Kuya alipopanda meli, siku aliposhuka. Kati ya tarehe na tarehe ni miezi tisa, minane, kumi na moja, na mstari mmoja wa wakati wa korona umepita mwaka. Nilihesabu mistari saba. Miaka yote hiyo hawakutafuta mpiga ngoma mwingine. Mji umejaa vijana wanaojua kupiga, wanafunzi wangefurahi. Nilimwuliza mpiga besi, akanitazama kana kwamba nimemwuliza kwa nini hakuoa mke wa jirani. "Dong, ngoma ni zake," akasema. Mshahara wa meli ndio ulionunua ngoma, kweli, lakini sidhani alimaanisha hivyo.

Na hapa niruhusuni nisimulie kuhusu tasa moja, maana ndiyo iliyonifanya niandike haya. Nasema tasa, ile sahani ya shaba inayopigwa kwa fimbo. Kuya aliinunua bandarini ughaibuni na kuisafirisha ikiwa imefungwa ndani ya ovaroli lake la kazi. Ilikuwa na ufa ukingoni, urefu wa kidole gumba. Mwisho wa ufa palikuwa na tundu dogo, duara safi. Nikalitambua papo hapo. Ndivyo tunavyofanya melini bamba la chuma likipasuka: unatoboa tundu pale ufa ulipofika, nguvu inasambaa kwenye duara badala ya kukusanyika kwenye ncha, na ufa unakosa njia. Kuya alikuwa ametumia ujuzi uleule, kwa drili ya mkono, polepole, na tone la mafuta. Akanigongea. Mlio ulikuwa mkavu kidogo kuliko wa tasa nzima, wenye mchanga ndani yake. Sikuwahi kufikiri kwamba kazi yangu ya mafuta na grisi ina kitu cha kufanya na muziki.

Onyesho lilikuwa Jumamosi, kwenye uwanja wa kikapu wenye paa wa mtaa mmoja, kiingilio peso 100, bendi sita, na ruhusa ya mtaa ikiisha saa nne usiku kamili. Walikuja labda watu mia na hamsini. Wengi walivaa fulana nyeusi, na bibi mmoja alileta kiti chake cha plastiki akakaa nyuma na mjukuu. Kabla ya kupiga, kundi lilikaa kwa duara kunywa tagay: glasi moja tu, mmoja anamimina ramu, kila mtu anakunywa zamu yake na kurudisha. Mimi sinywi. Aliyekuwa anamimina akanijazia soda katika glasi ileile baada ya kuisuuza, na zamu yangu ikaheshimiwa kama ya wengine.

Niliwaambia kuhusu Duma, vijana wawili wa Nairobi ambao albamu yao ya 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Tukaisikiliza kwenye simu, vichwa vimeinamiana. Mwalimu alifumba macho muda wote. Alipojua kwamba kwetu duma ni mnyama wa nchi kavu mwenye mbio kuliko wote, akalitamka jina la mji wake upya, polepole, akalipenda.

Kisha Kuya akakaa nyuma ya ngoma. Kifua changu kilitetemeka kama niko juu ya injini kuu. Mbele palifunguka duara la kusukumana, wenyewe huita slam, na vijana wakagongana mabega kwa nguvu zao zote. Katikati ya wimbo wa miwa kandambili moja ya bluu ikaruka. Kijana aliyeidaka aliinyanyua juu ya vichwa, akaishikilia hivyo huku anasukumwa huku na huku, mpaka mwenyewe alipoiona na kuifuata. Akaivaa. Wakarudi kugongana.

Saa nne kasoro dakika mbili walizima wenyewe.

Alfajiri tulikuwa painitan ya sokoni, kwenye vibanda vya vinywaji vya moto, tunakula budbud, nafaka iliyopikwa na kufungwa katika jani la mgomba, na sikwate, chokoleti nzito ya moto. Simu ya Kuya ikalia. Alisoma, akaigeuza kifudifudi mezani, akamaliza budbud yake. Meli ilimtaka Manila baada ya siku kumi na mbili.

Mchana tukarudi chumbani. Kuya akapaka mafuta pedali zote mbili, akazifunga kwa kitambaa, akampa mpiga besi azitunze. Tasa akaitundika msumarini, upande wenye tundu ukielekea ukutani. Mwalimu akachukua kalamu, akaandika tarehe upande wa SAKAY, mstari wa nane. Upande wa pili akachora kistari kifupi tu, cha kuandikia juu yake.