Usiniambie "usiwaze": nilivyoanza kupata usingizi

Kitu kinachoniudhi ni pale unamwambia mtu sipati usingizi, anakujibu "we mama usiwaze sana, lala tu". Sasa ningekuwa naweza kulala tu si ningelala? Yaani nimeambiwa hivyo na majirani, na wifi yangu, na hadi kijana wa bodaboda ambaye nilimwambia tu anipeleke taratibu maana nimekesha.

Mi nafanya biashara ya dagaa pale mwaloni Kirumba, Mwanza. Nanunua wabichi, naanika, wakikauka wanafungwa kwenye magunia yanaenda Dar, mengine yanavuka Kongo. Anayeijua hii biashara anajua usiku wake ulivyo. Dagaa wanavuliwa usiku, wanafuata taa za mitumbwi, kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi na mitumbwi inapumzika, hela haiingii lakini marejesho ya mkopo hayajui mbalamwezi. Giza likirudi dagaa wanapatikana, umeanika mzigo wa maana, saa sita usiku unasikia tone la kwanza kwenye bati, na dagaa wakishanyeshewa hapo unauza bei ya chakula cha kuku. Kwa hiyo mwezi ukiwepo silali, usipokuwepo silali.

Na sio kwamba nilikuwa sichoki jamani. Nachoka hoi, sebuleni nasinzia mdomo wazi, nikifika tu kitandani kichwa kinaitisha kikao. Ajenda ya kwanza ada, ya pili mteja wa Dar hapokei simu, ya tatu turubai limetoboka, alafu mengineyo ndo balaa, maana hapo kinaletwa hata neno alilonisema wifi kwenye msiba miaka ile na ndo leo napata jibu zuri la kumjibu.

Ushauri niliopewa sasa. Shemeji alisema piga mbili za baridi. Nikapiga. Usingizi unakuja haraka kweli, simkatalii, ila saa nane usiku macho makavu kabisa na moyo unaenda mbio, na kumbe ndivyo pombe ilivyo, inakulaza mwanzoni afu ikianza kuisha mwilini inakukatakata usingizi wote uliobaki. Mwingine akaniletea vile vidonge vidogo vya njano vya mafua. Navyo vinalaza, lakini asubuhi niko mwaloni kama nimepigwa na kitu, mtu ananiuliza bei ya sado namwangalia tu. Dada wa duka la dawa ndo akanigombeza, akasema hiyo ni dawa ya mzio, sio ya usingizi, na ukizoea hata hiko kiusingizi kinapungua.

Alafu kuna wa kuhesabu kondoo. Huyu alinipa kwa kujiamini sana, akasema Wazungu wote wanafanya hivyo. Mi kondoo sina mazoea nao nikasema ngoja niweke mbuzi. Nimelala, nimefumba macho, nimetengeneza uzio wangu wa miba pale kijijini kwetu, mbuzi wa kwanza akaruka, wa pili, wa tatu, naona kabisa wanapendeza. Nilipofika thelathini na kitu akaruka beberu mmoja mweupe mnene, nikajikuta najisemea huyu mnadani anatoa laki na ngapi? Basi ikawa imeisha hiyo. Nikarudi kuwathamini wale wa mwanzo mmoja mmoja, wale majike nikawatenga maana jike huwezi kuuza ukiwa na akili, nikatoa ushuru wa mnada, nikatoa hela ya fuso, nikapiga hesabu nikiuza waliobaki nalipa mkopo wa kausha damu nabakiwa na mtaji. Saa tisa usiku niko macho kodo, nina furaha ya tajiri, na mbuzi hata mmoja sina. Mtu anayeshika hela kila siku usimpe kitu cha kuhesabu, utamfungulia duka usiku.

Aliyenisaidia ni mpwa wangu, mtoto wa dada, anasoma udaktari hapo Bugando. Alikuja kula kwangu Jumapili akaniona macho yamevimba. Kwanza akaniuliza, "Mama mdogo, chai ya mwisho unakunywa saa ngapi?" Nikamwambia hiyo ya saa mbili usiku, ya rangi, nzito, na wala hainisumbui nimeizoea tangu utoto. Akacheka. Akasema kile kinachokuchangamsha kwenye chai na kahawa, mwili unachukua kama masaa 5 hivi kupunguza nusu yake tu, kwa hiyo saa saba usiku bado nusu ya kikombe inafanya kazi. Chai nikaihamishia mchana. Iliuma lakini nikaihamisha.

Cha pili ni daftari. Kuna utafiti walifanya Marekani, Chuo cha Baylor, ulitoka 2018, watu waliambiwa kabla ya kulala waandike kwa dakika 5, kundi moja liandike mambo ambayo bado hawajafanya, lingine yale waliyokwisha kumaliza. Wale wa "bado" wakawahi kusinzia, kama dakika 9 mapema kuliko wenzao. Mi ningebisha ningedhani ni kinyume chake. Nikanunua daftari la buku hapo stendi, sijui lilikuwa buku au buku jero, na kila baada ya chakula cha usiku naandika: kesho kumpigia wa Dar, kuziba turubai, kumkumbusha mama wa gunia mbili. Ila andikia mezani, usipande nalo kitandani. Na andika kitu cha kufanya, sio kulia lia, maana nilianza kuandika "ada ada ada" na haikusaidia chochote, nilipoandika "Jumatatu kwenda shule kuomba kulipa nusu" kichwa kikaiachia.

Cha tatu sikukipenda hata kidogo. Akasema ukikaa kitandani kama dakika 20 hujalala, toka, nenda kafanye kitu cha kuchosha kwenye mwanga hafifu, rudi ukisikia usingizi. Usiangalie saa, kadiria tu. Eti kitanda kikizoea kuwa mahali pa kuwaza basi ukikiona tu unaanza kuwaza. Sasa mtoto wa watu anaongea kama nina nyumba ya ghorofa Capri Point. Mi nina chumba na sebule Kitangiri, watoto wamelala sebuleni, natoka naenda wapi? Nikawa nakaa kwenye korido na kigoda, nimewasha katochi kadogo, nachambua mchele. Usiku mmoja bibi jirani katoka kwenda chooni, akanikuta nimeinama na ungo kwenye giza, akasimama kabisa. "Mayu, ni wewe au sio wewe?" Nikamwambia ni mimi shikamoo bibi, nachambua mchele. "Saa hizi?" Ikabidi asubuhi nimpelekee dagaa na maelezo ya kina, maana huku kwetu ungo na usiku ukiviweka pamoja unatafuta maneno. Siku hizi nakunja nguo. Inafanya kazi vilevile na haina ungo.

Ila silaha yenyewe ni hii ya mwisho, na hapa nitajisifu kidogo kwa sababu nimeiboresha mwenyewe. Kuna profesa Kanada anaitwa Luc Beaudoin, wa Chuo cha Simon Fraser, yeye anaona kwamba kichwa kinachokaribia kulala kinarusha picha zisizo na kichwa wala miguu, kwa hiyo ukizirusha wewe mwenyewe ubongo unaona kumbe tumeshafika. Unachukua neno, kila herufi unatafuta vitu vinavyoanza nayo, unakitazama kila kimoja kidogo, unakiacha. Nikajaribu. Sasa Kiswahili kila neno ni A, A, A! Nikachukua KARANGA, nikamaliza A yote ya kwanza, anga, askari, asali, ikaja ya pili na ya tatu nimeishiwa, naumiza kichwa kama niko kwenye mtihani, usingizi ukakimbia.

Nikasema ngoja, mbona sisi tunasoma kwa silabi. KABATI. Ka: kaptula. Naiona, ya kaki, imepigwa pasi. Naiacha. Kamba. Kasuku. Karoti. Kalamu. Kanga, ile ya ndege sio ya kuvaa, afu ile ya kuvaa. Ka zikiisha naenda ba: bakuli, bahasha, baiskeli, bata. Ti sijui ina nini maana sijawahi kuifikia nikiwa na akili zangu, naamka asubuhi nakumbuka niliishia kwenye bata.

Sheria zangu ni kwamba huruhusiwi kuunganisha. Bata akikaa kwenye baiskeli tu imekuwa hadithi, na hadithi ina mwisho, utataka kuujua. Na kitu cha kazini kikija unakitupa hapohapo. Mi barafu siigusi kabisa, barafu ni mwaloni, mwaloni ni samaki, samaki ni hela. Hata bata nimemruhusu kwa masharti, maana mama mwenye nyumba anafuga bata, na mama mwenye nyumba ni kodi, kwa hiyo namweka bata wa mbali, bata wa Ukerewe.

Siku za mvua bado inanisumbua, nisidanganye. Bati likianza kulia nachukua maneno hata manne. Na mpwa wangu alisema ukikosa usingizi usiku 3 au zaidi kwa wiki na ikafika miezi 3, nenda hospitali ukaonwe, kuna matibabu ya mazungumzo kabisa ya hili tatizo na sio lazima vidonge, sasa we kaa na shemeji yako akupe bia.

Rafiki yangu wa Igoma nilimfundisha akaja kulalamika haifanyi kazi. Namuuliza ulichukua neno gani? Eti MKOPO. Jamani. Chukua vitu vya jikoni, kitunguu, sufuria, mwiko, au miti kama unaijua. Pera ni fupi mno, linaisha kabla hujasinzia. Sufuria ni zuri sana, hiyo fu peke yake ina funguo, futi, fupa, fulana na fuvu, ila fuvu ruka.