Kizibao kilichofifia
Leo nimemaliza mafunzo ya siku 3 ya sheria za vita kwa sisi tunaojitolea kutoa huduma ya kwanza. Mkufunzi amenitaka nibadilishe kizibao, maana msalaba mwekundu mgongoni umefifia kwa kufuliwa. Alama lazima ionekane kwa mbali.

Kilichonigusa zaidi ni Kifungu cha 19 cha Mkataba wa Nne wa Geneva, wa mwaka 1949, unaolinda raia wakati wa vita. Miaka yote nilidhani hospitali ya kiraia ikimpokea askari majeruhi imeshapoteza kinga ya kutoshambuliwa. Kumbe sivyo! Hata bunduki yake ikiwa bado iko stoo, haijakabidhiwa, kinga ipo palepale. Na hata hospitali ikitumiwa kumdhuru adui, onyo lazima litangulie, na inapofaa watu wapewe muda wa kutosha.

Muda wa kutosha! Muuguzi tuliyekaa naye dawati moja aliwahi kuhamisha wagonjwa usiku, risasi zinalia. Alipokuwa akitusimulia, mkono wake wa kulia ulipanda wenyewe juu ya bega, kama bado ameshika chupa ya dripu. Hakuushusha mpaka alipomaliza.