Kunguru kwanza: kuanza kutazama ndege ukiwa Pwani

Swali la kwanza la kila anayetaka kuanza kutazama ndege ni aende mbuga gani. Asiende popote. Avute kiti barazani amwangalie kunguru mpaka amchoke. Kenya na Tanzania kila moja ina aina zaidi ya 1,100 za ndege, na mgeni wa shughuli hii akianzia Serengeti au msitu wa Arabuko-Sokoke, aina mia zitampita kwa siku moja na atarudi nyumbani hajaishika hata moja. Msituni ndiko kugumu zaidi: ndege wako vileleni, mwanga uko nyuma yao, na wengi utaishia kuwasikia tu. Lakini mtu anayewajua ishirini wa mtaani kwake kama anavyowajua majirani, yule wa ishirini na moja atamshtukia mwenyewe.

Kunguru anatangulia kwa sababu ndiye rula yako. Dar, Mombasa na Unguja, utakayemwona ni yule wa Bara Hindi, mweusi mwenye shingo na kifua cha kijivu. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka. Taka zimebaki na yeye ametapakaa mwambao mzima, anakula mayai na makinda ya wenzake, ndiyo maana mitaa mingi ya mjini ndege wadogo wamepungua. Huna haja ya kumpenda, mpime tu: ni sentimeta 40 hivi toka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Kunguru wetu wa asili, mwenye kifua cheupe kama aliyevaa fulana, amemzidi kidogo.

Chini yake weka vipimo vingine vitatu. Tetere ana sentimeta 26 hivi, shore 19, shomoro 15. Shore ni yule anayetoboa mapapai yako kabla hayajaiva vizuri: kichwa cheusi chenye manyoya yaliyosimama kidogo kama hajachana nywele, mgongo wa kahawia, na chini ya mkia njano kali ambayo huioni mpaka ageuke. Ukishawazoea hawa wanne, ndege mgeni akitua utasema papo hapo: mkubwa kuliko shore, mdogo kuliko tetere. Sentensi hiyo inaondoa zaidi ya nusu ya kurasa za kitabu chochote cha ndege.

Baada ya ukubwa angalia umbo, kisha mdomo, kisha anafanya nini na yuko wapi. Rangi iwe ya mwisho. Wanaoanza wote huanza na rangi, na rangi ndiyo inayodanganya: jua likiwa nyuma ya ndege kila ndege ni mweusi, na njano iliyo kivulini mwa majani huonekana kijani. Mdomo haubadiliki. Mfupi mnene ni wa kuvunja mbegu, kama wa shomoro na kwera. Mwembamba uliopinda ni wa chozi, wa kuingia ndani ya ua. Mkia nao una lugha yake, maana wako wanaoutikisa juu chini wakitembea na wako wanaoufungua kama upepeo.

Mfano mzuri wa kuangalia kwa makini ni kwera wa njano, ambaye wengine wanamwita mnana. Mnazi mmoja wa Pwani ya Kenya unaweza kuwa na madume wa aina mbili, wote njano tupu, wote wakining'inia chini ya viota wakipiga mbawa. Usihangaike na manyoya, tazama jicho. Ploceus bojeri ana jicho jeusi lililozungukwa na uso wa rangi ya chungwa. Ploceus subaureus ana jicho jekundu la kupauka, linaloonekana hata kwa darubini ya wastani ukiwa mita kumi na tano. Mwenye kichwa cheusi na jicho jekundu iliyokolea ni mwingine tena, Ploceus cucullatus. Majike wao, na madume walio nje ya msimu wa kuzaa, waache mwaka mzima wa kwanza. Andika “kwera” na usonge mbele. Hata wazoefu huishia hapo mara nyingi.

Majina ya kisayansi nimeyaweka kwa makusudi. Majina yetu ni matamu lakini yanahama. Mbayuwayu ni jina wanalopewa ndege wa koo mbili zisizohusiana, wa Hirundo na wa Apus, na anayeitwa hivi Lamu huenda akaitwa vingine Bagamoyo. Kwa hao wa mbayuwayu kuna dawa rahisi: aliyekaa kwenye waya wa umeme hawezi kuwa wa jenasi ya Apus, kwa sababu miguu ya Apus ni mifupi mno na kucha zake ni za kung'ang'ania ukutani, hazishiki waya. Andika jina la kwenu, na pembeni la kisayansi, ili mtu wa mahali pengine akuelewe.

Sasa darubini. Mwezi wa kwanza si lazima, macho yanatosha barazani. Ukinunua, tafuta iliyoandikwa 8x42. Nane ni mara inazokuza, 42 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa 42 kwa 8 upate 5.25, huo ndio upana wa mwanga unaofika jichoni. Ile ndogo ya mfukoni ya 8x21 inakupa 2.6 tu, na alfajiri chini ya mwembe utaona giza. Kumi mara 42 inakuza zaidi, lakini inakuza na mtetemo wa mikono, na uwanja wake wa kuona ni mwembamba, kwa hiyo anayeanza hupoteza ndege. Zenye kubadilisha ukuzaji, kama 8-24x50, ziache dukani, pamoja na zile za lenzi nyekundu inayong'aa kama kioo cha harusi.

Usiijaribu ndani ya duka. Toka nje, tazama waya wa umeme au maandishi ya bango la mbali. Waya mmoja ukiwa miwili, au macho yakaanza kuvutana, ndani imepinda, na fundi wa mtaani hataiweza. Kama ni ya mtumba, mulika tochi ya simu kwa mbele na uchungulie upande wa pili: utando kama wa buibui ni fangasi, na hapa Pwani fangasi hukua haraka. Inayozuia maji ni ghali kidogo lakini inalipa, kwa sababu unyevu hauingii.

Ukishaipata, irekebishe kabla hujailaumu. Ikunje katikati mpaka duara mbili unazoziona ziwe moja. Ukivaa miwani, teremsha vikombe vya mpira vya machoni, usipovaa, vipandishe. Funga jicho la kulia, tazama kitu kisichosogea kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la katikati hadi kiwe kikali. Kisha funga la kushoto, gurudumu usiliguse, zungusha pete iliyo kwenye jicho la kulia hadi nalo lione vizuri. Kariri alama ya pete ilipoishia. Hatua hii ya mwisho wengi hawaifanyi kabisa, wanaumwa kichwa mwaka mzima na kusema darubini ni mbovu.

Kumpata ndege ndani yake ni ufundi wa shingo. Kosa ni kumwona ndege, kushusha macho kuitafuta darubini kifuani, kisha kuanza upya. Macho yabaki kwa ndege. Mikono ndiyo ilete darubini machoni. Zoeza kwa kidaka kimoja juu ya mnazi, mara hamsini, mpaka kikutokee katikati kila ukiinua.

Usifute lenzi kwa kanga wala pindo la shati, chembe ya mchanga itaichora milele. Pulizia kwanza kwa kipulizio, pitisha brashi laini, ndipo ufute kwa kitambaa chake. Usiku ilale ndani ya kopo la plastiki linalofunga sawasawa, pamoja na vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Saa za kazi ni kuanzia kumi na mbili na robo asubuhi hadi tatu na nusu. Ikifika saa nne joto limewanyamazisha. Kabla hata ya jua utamsikia dudumizi, sauti kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa ya shingo nyembamba. Fuata sauti kwa utulivu, simama dakika kumi pahali pamoja badala ya kutembea. Anayetembea anaona migongo ya ndege tu.

Mkiwa wengi kuna mtego wa Kiswahili chetu. Watazamaji huelekezana kwa uso wa saa, na mtu akisema “yuko saa tatu,” nusu ya kundi itageuka kushoto, kwa kuwa saa tatu yetu mshale uko kwenye tisa, na waliozoea vitabu vya Kizungu watageuka kulia. Elekezaneni kwa mti: mwembe, tawi la pili toka chini, upande wa nyumba. Kwa walio Nairobi, Nature Kenya, chama kilichoanza mwaka 1909, huwa na matembezi ya ndege Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho. Asubuhi moja na watu wanaojua ni sawa na mwezi mzima wa kujikokota peke yako.

Daftari liwe na tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mahali, hali ya hewa, na idadi. Kundi kubwa hesabu kumi, ona wanachukua nafasi gani, kisha hesabu makumi. Kwenye simu, eBird huhifadhi orodha bure na Merlin husaidia kutambua; pakua kifurushi cha ndege wa eneo lako ukiwa na Wi-Fi, bando litaisha njiani. Merlin nayo itakuuliza ukubwa, na itapima kwa shomoro na kunguru, kwa hiyo kazi ya barazani haikupotea. Jibu lake lichukue kama pendekezo. Hujaridhika, usiandike.

Mambo mawili huwatia watu matatani. La kwanza ni nguo: chagua kahawia, kijivu au kijani iliyofifia, lakini si mabaka ya kijeshi, kwani Tanzania, Kenya na Uganda raia kuyavaa ni kosa. La pili ni darubini yenyewe karibu na kambi, bandari au daraja, au ikielekea madirisha ya watu. Salimia, eleza unatafuta nini, mwonyeshe mtu ndege. Kwenye mabwawa ya majitaka, ambako ndege wa majini hujaa, omba ruhusa kwa msimamizi mapema. Na usimtaje bundi haraka. Kwa wengi ni mkosi, na mti wake unaweza kukatwa kesho yake.

Kiota usikifungue majani ili uone ndani. Kunguru wanakutazama, nao wanajua kusoma: utakuwa umewaonyesha mayai yalipo. Sauti za ndege za kwenye simu nazo usizipige kumvuta dume wakati wa kuzaa, atakuja kupigana na adui asiyekuwepo na kuacha kulisha.

Ukishakuwa na ishirini wako, nenda ufukweni kwenye matope na mikoko, Kunduchi ya Dar es Salaam au Mida ya karibu na Watamu, kati ya Oktoba na Machi. Hapo wapo sululu na vitwitwi waliotoka kaskazini ya mbali. Wengi huenda asubuhi ya bamvua, zile siku za maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na kurudi wamekata tamaa, kwa sababu siku hizo maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, na ndege wako nje kabisa, vidoa tu kwenye mvuke wa joto. Nenda mchana wa siku hiyohiyo. Maji hujaa karibu saa kumi, basi ukifika saa nane yanawasogeza ndege kuja kwako hatua kwa hatua, na kwa kuwa pwani yetu inatazama mashariki, jua liko mgongoni mwako. Kaa chini, usisimame.

Mtafute Dromas ardeola, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mweusi mnene kama kisu kipana, mla kaa. Huzaa kwenye mashimo ya mchanga huko Omani na pwani nyingine za Uarabuni na Somalia, kisha hushuka kwetu kwa makundi. Urefu wake ni karibu sawa na kunguru, ila miguu inamfanya aonekane mrefu. Wakibanwa na maji kwenye fungu la mwisho la mchanga watakuwa wanapumzika. Vichwa vyote vikiinuka kwa pamoja, umekaribia kupita kiasi: rudi nyuma hatua kumi, polepole, bila kuwapa mgongo ghafla, na usubiri vishuke.