Safari ya Umisheni ya Vijana: Yanayopaswa Kufanyika Kabla ya Kupanda Ndege

Safari nyingi za umisheni huanza kupotoka mapema, pale kikundi kinapochagua kazi halafu ndipo kinatafuta kanisa la kuipokea. Anzeni na mwenyeji. Mwulizeni maswali manne na mpate majibu kwa maandishi: ni kazi gani inahitajika, fundi au mwalimu yupi wa hapo ataisimamia, nani ataiendeleza mkishaondoka, na mna vitanda na vyoo vya watu wangapi? Kwa maoni yangu vijana 12 na watu wazima watatu ni kundi zuri. Likizidi hapo, mwenyeji anageuka mpishi na dereva wenu badala ya kuwa mshirika.

Pasipoti zikusanywe miezi sita kabla. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi sita mbele na kurasa tupu za mihuri, na ya kijana mdogo huisha upesi kuliko ya mtu mzima, kwa hiyo kagueni moja moja kwa macho yenu, msiridhike na “bado iko sawa”. Kwenye viza semeni ukweli. Zipo nchi ambazo kazi ya kujitolea, hata isiyo na malipo, haifanywi kwa viza ya utalii, na kundi zima linaweza kurudishwa kutoka uwanja wa ndege.

Kijana aliye chini ya miaka 18 abebe barua ya ridhaa ya wazazi wote wawili iliyothibitishwa na wakili, pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Aliyefiwa na mzazi au anayelelewa na mmoja aongeze cheti cha kifo au hati ya mahakama. Karatasi hii ndiyo husahaulika zaidi. Ridhaa ya matibabu iwe kwenye barua ya peke yake. Mtu mzima asibaki faraghani na kijana mmoja, iwe chumbani, garini au kwenye maombi ya usiku.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, hivyo kuchanja wiki ya safari ni kuchelewa. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha. Angalieni pia nchi mnakobadilishia ndege, maana baadhi ya nchi hukidai hata kwa aliyekaa zaidi ya saa 12 katika uwanja wa nchi yenye ugonjwa huo. Dawa zibaki kwenye pakiti zake halisi, na barua ya daktari iwepo. Pawabenki zikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe zisiwekwe kwenye begi la chini ya ndege.

Kazi yenyewe ikiwa ujenzi, fundi wa mwenyeji ndiye mkuu wa eneo, na kiongozi wa vijana anapokea maelekezo kama wengine. Bidii ya vijana ina hatari yake: wanataka kumaliza ukuta siku moja. Udongo wa saruji ukiwa bado mbichi, uzito wa matofali ya juu huuminya wa chini na ukuta unapinda, kwa hiyo msipandishe zaidi ya mita moja na nusu kwa siku. Udongo ulioanza kukauka kwenye karai usiongezwe maji ili ulainike. Hautashika tena vizuri, umwageni.

Saruji mbichi huunguza ngozi, na mwanzoni haiumi, ndiyo maana watu hawaijali. Kijana anapiga magoti kwenye zege, suruali inalowa, anaendelea kuimba na kupokezana ndoo. Jioni anapovua, magoti ni mekundu yenye malengelenge. Vaeni buti na glavu za mpira. Nguo ikilowa ivuliwe papo hapo, ngozi ioshwe kwa maji mengi safi kwa dakika 20 au zaidi, kisha aonwe na mhudumu wa afya.

Kuharisha kutawapata wachache. Bebeni pakiti za chumvi za kurudishia maji mwilini. Zikiisha, changanyeni vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji safi. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hiyo mmoja apime na mwingine ahesabu kwa sauti.

Mlikokwenda kukiwa na malaria, dawa ya kinga haiishi siku ya kutua nyumbani. Doksisaiklini humezwa wiki nne zaidi, atovakuoni-proguanili siku saba. Andikeni tarehe ya kidonge cha mwisho cha kila kijana na mumpe mzazi wake nakala. Homa yoyote miezi inayofuata, hata kama inafanana na mafua, kijana apelekwe kupimwa siku hiyohiyo na daktari aambiwe nchi aliyotoka.