Kinanda kikinyamaza

Ijumaa usiku, Ujiji. Umeme upo, kwa hiyo nimeirudia The Message ya Moustapha Akkad, ya mwaka 1976. Wengi wa rika langu tuliionea kibanda umiza, yaani banda la video la mtaani, mwezi wa Ramadhani, jamaa wa kutafsiri kashika kipaza sauti. Filamu inamhusu Mtume Muhammad (s.a.w.), lakini humwoni wala humsikii. Kamera inakaa pale alipo yeye: waigizaji wanaitazama, wanaiambia jambo, wananyamaza kusikiliza, kisha wanajibu. Yule jamaa, ambaye kwenye filamu za Kihindi hata mlango haufunguki bila kuusemea, hapo alikuwa anashusha kipaza sauti. Sisi wa kwenye mabenchi tukawa tunamswalia Mtume. Pengo aliloliacha mwongozaji tulilijaza wenyewe.

Ninapogombana na Akkad ni kwenye kinanda. Aliweka muziki mwepesi wa kinanda kuashiria kwamba Mtume yupo. Namwelewa, mtazamaji asipotee. Lakini sikio likishazoea, linabaki kungoja kinanda tu. Filamu nyingi za dini za hapa nyumbani zimekwama hapohapo: mchungaji ananyoosha mkono, kinanda kinapanda, pepo anatoka na moshi wa kompyuta. Umeshaambiwa ushangae, unashangaa, unaenda kulala. (Za upande wetu hazina la kujivunia, radi zimezidi.)

Carl Theodor Dreyer, mwongozaji wa Denmark, alipita njia nyingine. Mwaka 1928, enzi za filamu bubu, alitengeneza kesi ya Jeanne d'Arc, yule binti wa Ufaransa aliyechomwa moto baada ya kusema anasikia sauti kutoka mbinguni. Dreyer alijengewa seti ya gharama kubwa, halafu karibu yote akaiacha nje ya fremu. Kilichojaa kwenye skrini ni uso wa Renée Falconetti, aliyemwigiza binti huyo, hauna vipodozi, umesogezwa karibu mpaka unaona machozi yanavyojikusanya kabla hayajadondoka. Uhariri wake unakuvuruga makusudi: uso wa hakimu, uso wa binti, uso mwingine, huelewi nani kakaa wapi. Malaika haonyeshwi hata mmoja. Anaonyeshwa anayewasikia, na mimi nisiye Mkristo nilijikuta nimeacha kushika simu.

Mwingine ni Philip Gröning, mwongozaji wa Ujerumani. Mwaka 1984 aliwaomba watawa wa Grande Chartreuse, milimani huko Ufaransa, awapige picha. Wakamwambia bado. Walimkubalia baada ya miaka 16, na filamu ikatoka 2005: haina msimulizi, haina taa za kuongeza, ni karibu saa tatu za nyayo, kengele na theluji. Kibanda umiza isingemaliza robo saa.

Nawawaza hawa kwa sababu kwenye kompyuta nina video ya maulidi ninayoihariri, na kazi zangu nyingine ni video za harusi. Mkono wa harusi unataka kukata kila baada ya pumzi mbili na kumwaga qasida ya studio juu ya kila kitu. Lakini kuna kipande cha dhikri. Imeshika kasi, maneno yameisha, imebaki "hu, hu" ya vifua vinavyopanda na kushuka kwa pamoja. Mzee mmoja kapita na chetezo karibu na kipaza sauti changu, unasikia kabisa ubani ukilia juu ya makaa. Hakuna chombo cha kuongeza hapo. Nimekiacha kipande kizima, bila mkato, na dufu lililo mbali limebaki mbali.

Mwenye shughuli kapiga simu: "Mdogo wangu, mbona hakuna muziki? Na droni tuliyolipia?" Droni nimemwekea mwanzoni, miembe, mabati na ziwa kwa mbali, maana ni hela yake. Kwenye dhikri haiingii. Kasema kesho anakuja kukaa na mimi, tuitazame pamoja.