Jinsi Nilivyopanga Safari za Kupanda Miamba ya Hell's Gate

Wapandaji wa miamba tunaoishi Nairobi tuna kuta nzuri zisizo mbali nasi. Lukenya iko kando ya barabara ya Mombasa, na Hell's Gate, hifadhi ya taifa iliyo karibu na Naivasha, hufikiwa kwa saa mbili hivi kukiwa hakuna msongamano. Kazi ya kupanga usafiri wa kundi letu niliachiwa mimi, na jambo lililonisumbua tangu mwanzo ni kwamba ukutani kila fundo hukaguliwa na mtu wa pili kabla ya mpandaji kuinua mguu, ilhali gari linalotufikisha huko halikaguliwi na yeyote. Kwa maoni yangu barabara inatutishia kuliko mwamba, na nilianza kuishughulikia kwa uzito huo.

Kutoka Nairobi kwenda Naivasha kuna njia mbili. Ya juu hupitia Limuru na Kinungi, ambako ukungu wa asubuhi huweza kuwa mzito kiasi cha kulificha lori lililo mbele yako. Ya chini huteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, nayo ni nyembamba, yenye kona nyingi na malori yanayojikokota. Wenzangu wengi huhofia ukungu, lakini mimi huhofia zaidi mteremko. Siku moja tulikuwa tukiteremka kuelekea Mai Mahiu katika gari la kukodi lililojaa watu na mizigo, tukaanza kusikia harufu ya kitu kinachoungua. Dereva alikuwa katika gia ya nne, na mguu wake haukubanduka kwenye breki. Kwa kuwa alinizidi umri kwa mbali, nilimwambia, "Mzee, naomba tusimame pale penye vibanda, breki zipoe kidogo." Alijibu kwamba njia hiyo ameipita tangu ujana wake, lakini akasimama. Tulikaa pale wanapouza ngozi za kondoo mpaka joto likapungua, wala hatukumwaga maji juu ya magurudumu, kwa sababu chuma chenye moto mkali huweza kupasuka kikipozwa ghafla. Sehemu iliyobaki aliishuka kwa gia ya pili, injini yenyewe ikilizuia gari. Tangu siku hiyo suala la gia huzungumzwa na dereva kabla hatujaondoka Nairobi, pamoja na kukagua tairi, tairi la akiba, jeki na taa.

Mizigo yetu nayo ina hatari yake. Karabina, yaani pete za chuma za kuunganishia kamba, na vyuma vingine ni vizito, na mfuko wake ukiachwa juu ya viti huruka mbele pindi breki zinapofungwa kwa nguvu. Ndivyo ilivyotokea punda walipokatiza barabara karibu na Naivasha: mfuko ulimgonga mwenzetu begani, akashinda siku nzima akitutazama kutoka chini. Sasa vyuma hukaa chini kabisa ndani ya buti, kamba hulazwa juu yake, na vyote hufungwa kwa mkanda.

Kilichochukua muda mrefu kukubalika ni saa ya kurudi. Jua letu huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na Jumapili jioni barabara ya kurudi Nairobi hufurika magari, mengine yakipita malori mlimani bila kuona mbele. Mtu aliyeshinda juani akipanda miamba hapaswi kuendesha gari katika hali hiyo. Kwa hiyo niliamua mambo mawili: kamba ya mwisho ishushwe saa tisa alasiri, na dereva asipande siku hiyo. La kwanza lilizua manung'uniko, kwani hiyo ndiyo saa ambapo joto huanza kupungua na mwamba kuwa mtamu. La pili lilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia, maana mwenzetu anayeendesha hachangii mafuta wala kiingilio cha hifadhi, na hakosekani wa kujitolea.

Wapo pia wanaopenda kupitia korongo la Ol Njorowa, lililo ndani ya hifadhi hiyo, kabla ya kuondoka. Mwezi Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliwaua watu saba humo, na mvua ya mbali huweza kuleta maji hata pale unaposimama pakiwa pakavu. Wakati wa mvua mimi hukataa katakata, hata nikiitwa mwoga.

Suala ambalo bado hatujalimaliza ni la wanaokuja kwa pikipiki. Kuwakataza siwezi, kwa sababu baadhi yao hawana njia nyingine ya kufika. Kwa sasa tumekubaliana kwamba mifuko yao isafiri ndani ya gari, wavae jaketi zinazong'aa, na wakati wa kurudi watangulie, sisi tukiwafuata nyuma hadi Limuru.