Nilivyoacha kuorodhesha vigawo na kuanza kufuata baki

Zamani Kigawo Kikubwa cha Shirika, yaani KKS, nilikitafuta kwa kuorodhesha: vigawo vyote vya namba ya kwanza, vyote vya namba ya pili, kisha naangalia kilicho kikubwa kuliko vyote kati ya vile vinavyojirudia. Kwa 12, 18 na 30 kazi ni ndogo, 6 inajitokeza yenyewe. Baadaye nikahamia kwenye namba tasa. 84 ni 2 × 2 × 3 × 7, 126 ni 2 × 3 × 3 × 7, 210 ni 2 × 3 × 5 × 7. Zinazopatikana kote ni 2, 3 na 7, kwa hiyo KKS ni 42. Ni njia nzuri, na mpaka leo naitumia namba zikiwa za kawaida.

Ikagoma nilipopewa 391, 667 na 1,081. Hakuna hata moja kati yake inayogawanyika kwa 2, 3, 5, 7, 11 wala 13. Ningeweza kuendelea kujaribu namba tasa moja baada ya nyingine, lakini nikajiuliza: kwa nini nihangaike kuivunja kila namba peke yake, wakati ninachotaka ni kile tu zinachoshirikiana?

Jibu liko kwenye kutoa. Namba yoyote inayogawanya 667 na 391 bila baki ni lazima igawanye pia tofauti yao, 276. Na inayogawanya 276 na 391 ni lazima igawanye jumla yao, ambayo ni 667 ileile. Kwa hiyo nikiiondoa 667 na kuweka 276 mahali pake, sijapoteza kigawo cha shirika hata kimoja wala sijaongeza kipya. Nilipolielewa hili vizuri, hesabu nzima ilibadilika machoni pangu, kwa sababu sasa ninaruhusiwa kuzipunguza namba mpaka zinyooke. Na kwa kuwa kutoa tena na tena ni sawa na kugawanya na kubakiza baki, nafanya hivyo kwa mkupuo mmoja.

Nachukua namba ndogo kuliko zote, 391, nagawanya nyingine kwa hiyo na kuandika baki tu. 667 inabakiza 276. 1,081 inabakiza 299. Sasa nina 391, 276 na 299. Ndogo ni 276: 391 inabakiza 115, na 299 inabakiza 23. Nimebaki na 276, 115 na 23. Nagawanya kwa 23: 115 ni 23 mara 5, 276 ni 23 mara 12, hakuna baki popote. KKS ni 23. Baki ikiwa 0 naiacha kando, maana 0 inagawanyika kwa kila namba nzima isiyo 0 na haizuii chochote.

Msingi wa njia hii ni wa Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, yapata mwaka 300 KK. Kwa namba tatu yeye alitafuta kwanza KKS ya mbili, kisha ya jibu hilo pamoja na namba ya tatu. Mimi napenda kuzipunguza zote kwa pamoja, kwa sababu baki ndogo ikijitokeza mapema inazishusha nyingine zote. Tena kazi haiwi ndefu: mwaka 1844 mwanahisabati Mfaransa Gabriel Lamé alithibitisha kuwa kwa namba mbili, idadi ya kugawanya haizidi mara 5 ya idadi ya tarakimu za namba ndogo.

Kila mara nahakiki. 391 ÷ 23 ni 17, 667 ÷ 23 ni 29, 1,081 ÷ 23 ni 47. Majibu hayo hayana kigawo cha shirika zaidi ya 1, basi 23 ndiyo kubwa kweli. Hapa pana jambo la kuangalia sana: usizipime mbilimbili tu. 6 na 10 zinashirikiana 2, 6 na 15 zinashirikiana 3, 10 na 15 zinashirikiana 5, lakini zote tatu kwa pamoja KKS yake ni 1. Mfano huohuo unaonyesha kwamba kanuni ya KKS mara KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika) kuwa sawa na zao la namba ni ya namba mbili. Kwa hizi tatu KDS ni 30, ilhali zao ni 900.

Siku hizi, kabla ya kugawanya chochote, natafuta kwanza namba mbili zilizokaribiana. Kwenye 4,895, 5,340 na 4,901 ninaona tofauti ya 6, kwa hiyo KKS ni lazima iwe kigawo cha 6. Lakini 4,901 ni witiri, na tarakimu zake zinajumlika kuwa 14, hivyo haigawanyiki kwa 2 wala kwa 3. KKS ni 1, na 5,340 hata sijaigusa.